Nani aliyeikata leso katikati ya jina?

Nina wiki ya tatu Mombasa baada ya miaka 16 ya Muscat. Kuna mengi ya kueleza, waliotangulia mbele ya haki na watoto niliowaacha wakinyonya ambao leo wana ndevu, lakini hayo yatangoja. Hili la leso, yaani kanga, limenikaa kooni na sitalala mpaka nilitoe.

Siku ya nne tangu nifike, mimi na dada yangu tulitoka Kuze, Mji wa Kale, tukashika barabara ya Ndia Kuu kwenda Ngomeni (Fort Jesus) kunywa madafu. Njiani kuna duka la vitu vya watalii, na nje walikuwa wametundika mikoba. Mmoja ulishonwa kwa leso nyekundu yenye michoro ya korosho. Mimi ni fundi, cherehani ndiyo iliyonilisha Ruwi, huko Muscat, miaka yote ile, kwa hivyo jicho langu hutangulia kwenye mshono. Mshono ulikuwa safi, zipu imekaa sawa, bitana haikuvuta. Ndipo nikasoma jina, yale maneno yanayochapwa kwenye leso. Mbele ya mkoba, kwa herufi kubwa nyeusi: MUNGU HAMTUPI.

Basi, yaliishia hapo. Nikaugeuza mkoba kutafuta "mja wake", nikakuta korosho tupu.

Nikamuuliza kijana wa duka, "Mwanangu, maneno yaliyobaki yako wapi?"

"Yalikuwa kwenye foronya, mama. Ile ishakwenda, aliinunua mzungu wa meli." Kisha akanishushia mkoba mwingine mwekundu, akidhani niliyoipenda ni rangi.

Madafu siku ile sikuyaonja ladha. Mungu hamtupi nani? Mja amepakiwa melini, sasa yuko kwenye kochi la mtu asiyejua kama yale ni maneno.

Mliokulia Mji wa Kale mwajua leso ilikuwa nini, lakini nitasema hata hivyo. Mama yangu na jirani wa ng'ambo ya kichochoro waliwahi kugombana kwa sababu ya maji ya kufulia, wakanuniana kama wiki tatu, na katika wiki hizo hakuna aliyefungua kinywa. Jirani alitoka na "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", akafagia mlangoni kwake polepole huku ametupa mgongo. Mama alikwenda sandukuni, akapekua, na jioni akatoka kwenda dukani na "Sina siri nina jibu". Sisi watoto tulikaa barazani tukisoma kama magazeti. Walipatana kwa leso vilevile. Jirani alipojifungua, Mama alimpelekea doti, yaani leso mbili za pamoja, ya "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu", wakalia wote wawili, na mtoto akafungwa na kipande kimoja cha ile doti siku ileile. Baba naye akichelewesha posho hakupigiwa kelele. Alikuta mkewe amejifunga "Japo sipati, tamaa sikati", akacheka, akatia mkono mfukoni.

Kwa leso tulipokewa duniani, na kwa leso jeneza la mwanamke likafunikwa. Vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivaa leso sare ili wapinzani wao wasome wakiwa mbali. Nguo iliyofanya kazi hiyo yote si kitambaa cha kukatwa ovyo.

Na tazameni ilivyozaliwa. Neno lenyewe ni la Wareno, kwao ni kitambaa cha mkononi. Bibi zetu wa pwani hii walivinunua vile vitambaa vya wageni, wakaviunga sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja ya kujitanda. Wenye maduka walipoona hivyo wakaanza kuzichapisha nzima. Baadaye zikatiwa jina, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa hizi za leo. Hapo ndipo nguo ilipopata mdomo. Kwa hivyo mkasi ule wa Ndia Kuu unairudisha kazi nyuma: bibi waliunga vipande sita wapate leso moja, na sisi twaikata leso moja tupate foronya sita.

Nitasema kitu ambacho kitawauma baadhi yenu. Muscat leso ilikuwa hai kuliko nilivyoikuta hapa. Kule kuna wanawake wengi wenye asili ya Unguja, wao huiita kanga, na walikuwa wakiniletea niwakatie na kuwapindia. Kabla hajaniachia doti, mama wa watu huketi kitini, aifungue magotini na alisome jina kwa sauti, na wenzake waitikie. Kulikuwa na bibi mmoja, mzaliwa wa Unguja, alikataa nisiipige upindo doti ya mkwewe mpaka alipofikiri siku mbili kama jina lile litamfurahisha yule binti au litamchoma. Siku mbili, kwa maneno matano! Nilikuwa nikijiambia, kama huku ugenini hivi, kwetu je?

Kwetu nilikwenda Biashara Street na hamu yangu. Duka la Abdulla liko palepale, na ile alama ya "Mali ya Abdulla" ambayo nyumba ya Kaderdina Hajee Essak imekuwa nayo tangu 1887 bado iko pembeni mwa leso. Niliigusa kama anayeshika mkono wa mtu. Lakini kwenye duka jingine nilimwambia muuzaji, "Nisomee majina," akanitazama. "Wataka rangi gani?" Nikarudia. Akanifungulia picha kwenye simu, nizipitishe kwa kidole. Nilipozishika zenyewe nikakuta moja jina lake lina herufi zilizoruka, nyingine ina maneno ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuyatamka, na ya tatu haina jina kabisa. Pamba nayo hakuna, ni kitu kinachong'aa na kuteleza kiunoni. Barabarani ni dera na abaya. Leso imebaki ya kufungia jikoni na kufunikia sahani za futari, ambapo hakuna anayesoma.

Mengine yaliyobadilika sina ugomvi nayo. Majumba ya mjini yalipakwa nyeupe na buluu mwaka 2018, jicho langu litazoea. Treni ya SGR yashusha watu Miritini badala ya kuwaingiza kisiwani, haya. Viazi karai ni vilevile, na mbaazi za asubuhi na mahamri bado zamfanya mtu asahau alichokasirikia. Matatu zimechorwa hata hupati pa kuweka kidole, na wale vijana wachoraji wana mkono, nawapa haki yao. Michoro ya matatu watu wanasimama kuipiga picha. Ya kiunoni mwa mama zao hawaioni.

Mnaojiandaa kurudi, nisikilizeni mimi fundi. Msilete masanduku ya abaya, huku zimejaa. Mkitaka kumheshimu mtu, mnunulieni leso hukuhuku, lakini nendeni wenyewe dukani, msitume mtu na picha. Ilowesheni ncha kwa mate na kuifikicha, ya pamba mtaijua. Chukueni doti nzima isiyokatwa, mkate wenyewe katikati na kupinda kwa uzi wa rangi ya pindo. Na jina lisomeni mara mbili, mara ya pili mkimfikiria huyo mtakayempa. Kisutu cha bibi harusi, kile chekundu, cheupe na cheusi, bado chapatikana, msikubali kuambiwa kimepitwa na wakati.

Mimi nilifanya hivyo. Binti wa kaka yangu ameolewa wiki iliyopita, na nilimaliza nusu siku Biashara Street kumtafutia jina. Nikapata "Wema hauozi", pamba nzito, buluu ya bahari. Nilimkabidhi usiku wa hina mbele ya wanawake wote. Akanibusu mkono. "Shangazi, rangi tamu!" Akaitandaza, akaipiga picha, akaituma kwa wenzake. Nilipoonyeshwa ile picha, ilikuwa na pindo na mji wa leso, yaani katikati yake. Jina lilibaki nje.

Niliongea usiku ule. Niliongea sana, mbele ya wageni, nikataja mkoba wa Ndia Kuu na duka la Biashara Street na Muscat, nikasema mji huu umejikata ulimi wenyewe. Wasichana waliinamia hina yao. Mamkubwa wangu, dada yake Mama, aliye juu ya miaka 80, alikuwa pembeni na tambuu yake. Hakusema neno, na mimi nilijua hanisikii vizuri siku hizi.

Asubuhi nilikuwa barazani napepeta mchele. Nikamwona aja na kichochoro, mkongojo mkono mmoja, amejitanda leso ya zamani, rangi ya zambarau iliyofifia mpaka karibu kuwa kijivu, lakini imepigwa pasi. Nikamwambia shikamoo mamkubwa, akaitikia marahaba, akaniuliza habari ya kulala. Kisha akageuka. Alisimama amenipa mgongo muda mrefu kuliko mtu anayetazama njia, huku amekamata ncha mbili kifuani ili nguo isijikunje, na jina likakaa wazi mabegani:

MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Halafu akaenda zake, polepole, bila kutazama nyuma.

Mgeni. Mimi, niliyezaliwa chumba cha pili kushoto katika nyumba hii. Sijui kama alinikaribisha au alinitoa. Nilimuuliza dada yangu, akacheka, akaingia ndani kutia chai. Nilipofikiri zaidi niliona kwamba ile leso aliitoa sandukuni, akaipiga pasi kwa ajili yangu, na katika wiki hizi tatu yeye ndiye mtu wa kwanza kunijibu.

Leo nimerudi Biashara Street mara ya tatu natafuta jina la kumjibia. Nimesoma leso za maduka manne, moja baada ya moja, kwa sauti, wauzaji wakinitazama. Bado sijalipata. Kesho naanzia upande wa Marikiti, kule sokoni.