Vijiti vya Mwasumini

Wiki tatu zimepita na bado ninamsikia mama mkubwa akiniambia "Haya", amesimama nyuma ya nyumba, ameshika upindo wa kanga yake, akilitazama jivu.

Mwasumini wa mama, ule mti wa maua meupe yanayonukia, mnaujua. Tangu alipotutoka haukuguswa na mtu kwa miaka minne: mimi nilikuwa nikifundisha Korogwe, baba hakutaka kuusogelea, na wapangaji waliugeuza kamba ya kuanikia matambara. Nilipohamishiwa Tanga mjini mwezi Januari niliukuta umepanda hadi juu ya bati, matawi makavu yamesukana, na maua machache yaliyobaki yanachanua huko juu ambako mkono haufiki. Mwasumini hutoa maua kwenye vitawi vichanga, kwa hiyo usipopogolewa, uchanga wote hukimbilia juu na chini hubaki kuni. Majani machanga yalikuwa ya njano huku mishipa yake imebaki ya kijani, jambo la kawaida kwetu tunaopanda juu ya mawe ya matumbawe, maana chokaa iliyomo udongoni huuzuia mti kufyonza madini ya chuma. Na kwenye vifundo walikuwapo vidung'ata, wadudu weupe kama pamba, wakilindwa na sisimizi.

Nilifanya kazi siku mbili, mwishoni mwa Februari, nikiiwahi masika. Kila shina nililikwangua gome kwa ukucha. Palipokuwa na ukijani niliacha, palipokuwa pakavu pa rangi ya kahawia nilikata, nikashuka hivyo hivyo mpaka nikaukuta uhai. Yalibaki mashina matano ya kimo cha goti, kila moja limekatwa mshazari juu kidogo ya kifundo. Nikapalilia, nikatia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nikatandaza majani makavu. Nilivyovikata nilivikusanya vyote nikavichoma, kwa sababu ya wale vidung'ata, na nikaingia kuoga nikiwa na moyo mweupe.

Kesho yake mama mkubwa akaja kutoka Pangani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mwasumini umeukata wewe?"

"Nimeukata mimi. Ulikuwa unakufa."

"Na vijiti vyake umeviweka wapi?"

"Nimevichoma."

"Haya."

Hakuongeza neno. Aliingia ndani, akanywa chai na baba, akaondoka na basi la saa tisa. Haya ya kukubali ninaijua, ninaijua ya kumharakisha mtoto, na ninaijua ya kumaliza mazungumzo. Hii haikuwa mojawapo. Ilishuka taratibu, kama mtu anayejitua mzigo mwenyewe baada ya kukosa wa kumtua. Nimeirudia nikisimamia mitihani, nimeirudia nikiwa ndani ya daladala, na hata siku majibu ya posa ya mdogo wangu yalipokuja na nyumba ikajaa vigelegele, mimi nilikuwa jikoni nikimjibu upya mama mkubwa: "Vipo, nimekuwekea ndani ya maji."

Maana mwasumini wetu hauzai mbegu. Mmoja hutoka kwa mwingine, kwa kijiti kilichochomekwa udongoni. Huu wa mama ulitoka kwa mama mkubwa, mwaka mama alipoolewa, ukaja umeviringishwa katika kitambaa kilicholowa. Ule wa Pangani haupo tena, uling'olewa ukuta wa uani ulipojengwa upya. Kijiti cha urefu wa shibiri moja, chenye vifundo vitatu, kingetosha, na mimi nilichoma rundo la kufika kiunoni. Si vyote vilivyokuwa na vidung'ata. Ningeweza kuvichambua, nikavisugua kwa maji ya sabuni. Sikufikiri kuuliza.

Jumatano mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi mashina manne kati ya matano yalikuwa yametoa macho, mawili mawili, yakitazamana kwenye kila kifundo, madogo kuliko punje ya mpunga. Nilichelewa kazini kwa kuyatazama. Jioni nikalisogeza lile pipa bovu lililo pembeni ya bafu ili mwanga uingie, na chini yake nikaona kitawi chembamba ambacho mkasi wangu haukukifikia. Nilikivuta, kikakataa. Nikafukua kwa vidole: palipobanwa na pipa kilikuwa kimetoa mizizi, myeupe, mingi, imeshikana na udongo. Nilipiga magoti kwenye tope na sikutaka kuinuka.

Nimekitenga na shina lake, nikakipanda kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini, na kimekaa kivulini siku ya tatu sasa bila jani kunyauka. Kikishika vizuri nitakipeleka Pangani mwenyewe. Sitampigia simu kwanza, kwa kuwa sitaki kuisikia tena ile sauti kabla hajakiona.

Nilitaka kulala mapema leo, lakini nimetoka tena kwenda kuangalia lango la nyuma. Baba ameliacha wazi mara mbili wiki hii. Nilipomwuliza jana, alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba mama yangu ameshalifunga.