Nilivyoimaliza foleni kwenye Zabbix yangu

Ninasimamia mtandao wa taasisi ndogo ya mikopo, makao makuu Mwanza, matawi yametawanyika hadi Sengerema na Geita. Zabbix 6.0, programu inayofuatilia hali ya vifaa vya mtandao, niliisimika mwenyewe. Tatizo lilijitokeza kila umeme ulipokatika tawini: badala ya kuniambia tawi limezimika, grafu za swichi za hapahapa makao makuu zilianza kuwa na mapengo. Swichi inawaka mbele ya macho yangu, lakini Zabbix haina habari nayo kwa dakika kumi nzima.

Nikaongeza RAM. Wapi! Siku umeme ulipokatika tena nikafungua grafu ya seva yenyewe, ile ya shughuli za michakato ya ndani. Michakato inayopita kuuliza vifaa ilikuwa asilimia 100, huku CPU haifiki hata 10. Nikaelewa kwamba seva haikuelemewa na kazi. Ilikuwa inasubiri.

Idadi ya michakato hiyo hupangwa kwa StartPollers kwenye faili la mipangilio ya seva, na kwa kawaida ni 5. Kila mchakato hushika swali moja mpaka lijibiwe au Timeout, yaani muda wa juu wa kusubiri jibu, uishe, nami Timeout nilikuwa nimeipandisha hadi sekunde 30 kwa ajili ya skripti moja nzito. Kwa hiyo vifaa vitano vilivyozimika vinatosha kuishika michakato yote mitano nusu dakika. Ni benki yenye madirisha matano, na kila dirisha lina mteja anayepekua mfuko kutafuta kitambulisho. Kifaa kikishindwa kujibu huhamishiwa kwa michakato ya StartPollersUnreachable, nayo kwa kawaida ni mmoja tu!

Kwa hasira nikaweka StartPollers=150. Hilo lilikuwa kosa. Kila mchakato hufungua muunganisho wake kwenye kanzidata, na PostgreSQL, kanzidata ninayotumia, mipangilio yake isipoguswa hupokea miunganisho 100 tu, ikagoma. Nikashuka hadi 25, StartPollersUnreachable nikaipa 5, Timeout nikairudisha 4. Ile skripti nikaipeleka kwenye cron, kipanga ratiba cha Linux, ikimaliza inatuma majibu yenyewe kwa zabbix_sender. Usisahau kuiwasha upya seva, la sivyo namba mpya hazisomwi.

Lililobaki lilikuwa proksi za matawi, yaani programu za Zabbix zinazokusanya takwimu tawini na kuzifikisha kwa seva. Nilikuwa nimeziweka ProxyMode=1, yaani zinakaa zikisubiri seva izifuate. Lakini tawi linalotumia modemu ya laini ya simu halina anwani ya IP inayofikika kutoka nje, hivyo nilitegemea VPN, njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, na VPN ikianguka data zinakwama. Nikarudisha 0: proksi ndiyo inayoipigia seva hodi kwenye poti 10051, nami nikafunga mawasiliano hayo kwa PSK, ufunguo wa siri unaowekwa pande zote mbili. Hali hiyo lazima uibadilishe pia kwenye ukurasa wa Proxies upande wa seva, maana mimi nilihangaika saa nzima kwa kuusahau. ProxyOfflineBuffer, muda ambao proksi hutunza takwimu inapokosa seva, nikaitoa saa 1 ya kawaida nikaweka saa 24, ili mtandao ukikatika takwimu za siku nzima zisipotee. Ningekuwa naanza leo, ningeanza na hilo.

Wiki iliyopita Geita walikaa bila umeme tangu asubuhi hadi adhuhuri. Michakato ilipanda kidogo, ikatulia. Grafu za Mwanza hazikukatika hata mara moja, na simuni ukaingia ujumbe mmoja tu, kwamba tawi la Geita halipatikani. Nikampigia mlinzi, akaniambia jenereta imeisha mafuta.