Kidogo tu

Siku ya nne leo, na bado swali moja linaniuma. Shemeji alipita Jumatano kutuambia kuwa mdogo wangu kajifungua salama, mtoto wa kike, kisha akalinyanyua lile kwatzi langu, jiwe la fuwele la ncha tatu. Akaligeuzageuza kwenye mwanga, akasuguanisha vidole.

"Shem, hili umelipaka mafuta?"

"Kidogo tu."

Kidogo tu! Si bora ningesema ndiyo, yakaisha.

Maana alichokihisi ni kweli. Mafuta huingia kwenye mikwaruzo na nyufa ndogondogo, rangi ikakolea kana kwamba jiwe limelowa. Vumbi nalo hunasa humohumo, na anayelishika hawezi tena kujua ufa uko wapi. Ya kupikia ndiyo mabaya kabisa, huja kuwa utando wa manjano unaonata. Vanishi hata sitaki kuitaja.

Usiku ule nikalianza upya. Maji vuguvugu yenye sabuni na mswaki laini, mara mbili, halafu asetoni, kiyeyushi cha mafuta kinachoshika moto upesi, dirisha wazi, moto mbali. Mafuta yalipotoka, kutu ikajitokeza kwenye mizizi ya fuwele zote tatu. Kumbe ndiyo niliyokuwa nikiificha.

Kutu kwenye kwatzi huondolewa kwa asidi ya oksaliki: gramu 80 kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa tena kuwa maji, ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko. Maji ya bomba hapana, kwa sababu kalsiamu iliyomo huungana na asidi na kuacha ukoko mweupe usioyeyuka. Ndiyo maana kwanza nilidondoshea siki kwenye mwamba wa chini. Povu lingetoka, maana yake kuna kalsaiti, madini yenye kalsiamu hiyohiyo, ningeacha palepale. Halikutoka. Asidi hii ni sumu, kwa hiyo glavu na miwani, na sikuipasha moto, mvuke wake unachoma mapafu. Ubaridi unachelewesha tu.

"Umelipaka mafuta?" Nimelisikia hata nikipima gramu.

Jana jioni nimelitoa, na sasa limo kwenye maji safi ninayoyabadilisha asubuhi na jioni. Muda wa kusuuza usipungue ule wa kuloweka. Ukiharakisha, umanjano hurudi jiwe likikauka. Maji nayo yawe ya joto lilelile, kwani kwatzi likitoka kwenye moto likaingia kwenye baridi hupasuka.

Lakini mngeliona! Ncha zimekuwa angavu hadi ndani, na ule ukungu mdogo wa katikati, ambao mafuta yaliufifisha, umerudi kama pumzi kwenye kioo. Sasa hivi natamani shemeji aje aliguse, aniulize swali lilelile.

Ila nasikia mtoto wanataka kumpa jina langu. Sijui nitakataa vipi bila kumuudhi mama.