Ukishuka Mombasa, lala mjini kwanza

Kila ikikaribia Agosti na Desemba simu yangu haipumziki, watu wa ofisini, majirani, mabinamu, wote wanauliza kitu kimoja, tunashuka Mombasa, tulale wapi, tule wapi, watoto tuwapeleke wapi. Na kila mwaka nawapa jibu lile lile ambalo wengi hawataki kusikia: laleni kisiwani, yaani mjini penyewe, siku mbili tatu za kwanza, bichi itawangoja. Sasa nimeamua niandike yote hapa ndio nikiulizwa nitume linki tu.

Vile wengi wetu wa Nairobi tunafanya ni hivi. Unafika, gari inakuchukua moja kwa moja mpaka hoteli ya Bamburi ama Diani, unafungwa kile kikanda cha mkononi, asubuhi unakula soseji na mayai, mchana kuku na chipsi, jioni bufee, halafu siku nne zikiisha unarudi na picha za swimingipuli na hujaonja mbaazi hata kijiko kimoja. Hio inaniuma kweli. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Mombasa mwaka wa 1331 na kati ya mambo machache aliyoandika ni vile watu wa kisiwa hicho chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Yaani karibu miaka 700 iliyopita mgeni anafika Mvita, ndio Mombasa hio hio, na anaangalia kwanza wenyeji wanakula nini! Ndio maana nasema huu ni mji wa kula kabla haujakuwa mji wa kuogelea.

Ya usafiri nitapita haraka. Treni ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi mpaka Mombasa, ni nafuu na ni salama, daraja la kawaida ni shilingi 1500 tangu Januari 2024, na kama uko na watoto chukua ile ya asubuhi inayosimama stesheni za njiani, inachukua muda zaidi lakini mnapita Tsavo mchana kweupe na ndovu wanaonekana dirishani, wekundu kabisa kwa sababu ya ule udongo wanaojipaka. Fika stesheni ya Nairobi, Syokimau, mapema, mizigo inapangwa chini inanuswa na mbwa, na bila kitambulisho hupandi. Ukishuka Miritini, stesheni ya Mombasa, bado hujafika mjini, kuna matatu na teksi, patana bei kabla hujaingiza begi kwenye buti.

Sasa asubuhi ya kwanza. Amka mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi, jua la Mombasa halina mchezo, ikifika saa tano utakuwa unatafuta kivuli tu. Shuka Mji wa Kale kwa miguu, upande wa Kibokoni, na tafuta mahali penye sufuria ya mbaazi na watu wenye haraka ya kwenda kazini. Mimi napapenda pahali pamoja padogo sana, benchi mbili na meza yenye kitambaa cha plastiki, mama mwenyewe yuko na buibui na upawa mkononi. Unamwambia, "Mamangu, mbaazi zipo?" Anakujibu bila kugeuka, "Zipo mwanangu, keti. Wataka mahamri mangapi?" Mahamri yanatoka kwenye mafuta yakiwa yamefura, ukiyapasua mvuke unatoka na harufu ya iliki inakupiga usoni, ndani ni uwazi mtupu kwa hivyo unachota nayo mbaazi kama kijiko. Na mbaazi zenyewe zimepikwa mpaka zimelainika halafu zikamaliziwa na tui zito, juu unaona ile nazi imetulia na pilipili moja nzima ya kijani inaelea. Hapo unaongeza chai ya tangawizi na siku yako imeanza. Bei yake ukilinganisha na brekfasti ya hoteli utashangaa ulikuwa unalipia nini huko.

Kutoka hapo Fort Jesus, ile ngome ya zamani, ni mwendo mfupi, ingia mara tu wakifungua. Wenyeji wengi wanapaita Ngomeni. Najua wengi tulipelekwa na shule, tukapiga foleni, tukapiga picha na mzinga, tukarudi kwa basi. Rudi ukiwa mtu mzima na lipia mwongoza watalii anayejua kuhadithia. Wareno walianza kuijenga 1593, ramani ilichorwa na Mtaliano anaitwa Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu amelala amenyoosha mikono na miguu. Mawe yake ni ya matumbawe, yameinuliwa juu ya mwamba wa matumbawe. Lakini usiwe mtu wa kuangalia mizinga tu, uliza kuhusu Yusuf bin Hasan. Huyu alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa, Wareno wakamchukua wakamlea Goa, wakambatiza wakamwita Jerónimo, halafu wakamrudisha awe mfalme wao mtiifu. 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaiteka ngome yote, akarudi kwenye Uislamu. Kila nikisimama pale mlangoni namfikiria huyo kijana na yale yote aliyokuwa amebeba kifuani miaka hiyo yote akitabasamu nao. Mwaka uliofuata aliiacha Mombasa akaenda kuishi baharini akiwavamia Wareno kwenye meli zao. Na bado kuna ule mzingiro, Waomani wakiwa wamewafungia Wareno ngomeni, ulianza 1696 ukaisha 1698, njaa na maradhi vikamaliza watu humo ndani kuliko risasi. Meli ya Wareno iliyokuja kuwasaidia, Santo António de Tanna, ilizama pale pale mbele ya ngome 1697 na vitu vilivyotolewa kwenye maji viko ndani vimewekwa uvione. Waingereza nao waliifanya jela mpaka 1958. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2011. Toa masaa mawili, usiharakishwe.

Ukitoka usikimbilie tuktuk, tembea Ndia Kuu. Milango ya kuchongwa bado ipo, na zile roshani za mbao juu kichwani, na Msikiti wa Mandhry ambao ni wa mwaka 1570, mnara wake una umbo lake peke yake hautaufananisha na mwingine. Vaa nguo ya heshima, bega na magoti yafunikwe, haya ni majumba ya watu wanaishi humo, na usimpige mtu picha kabla hujamuomba. Ukisalimia vizuri unafunguliwa mengi. Mzee amekaa kwenye baraza ukimwamkia "shikamoo babangu" anaweza kukueleza historia ya mtaa mzima, na watu wa Nairobi hapo ndipo tunafeli, tunapita watu kama tunakimbia mathree ya mwisho.

Mchana maduka mengi yanafungwa kwa muda, na Ijumaa saa sita na nusu mji unaelekea msikitini, kwa hivyo panga chakula chako na hayo. Mimi mchana nasema samaki wa kupaka, basi. Samaki anachomwa kwanza kwa mkaa mpaka ngozi inashika rangi, halafu anapakwa rojo la tui, ukwaju, pilipili na vitunguu saumu, anarudishwa motoni, anapakwa tena, mpaka ile nazi inakauka juu yake na kushikana na nyama. Na wali wa nazi pembeni, na glasi ya juisi ya ukwaju yenye barafu. Uliza leo kuna samaki gani, wakikwambia changu ama kolekole wa asubuhi, chukua bila kufikiria. Biriani nayo ni ya Ijumaa na Jumapili hivi kwa nyumba nyingi, na hotelini utaipata hata siku nyingine, ila mimi naona pilau ya Mombasa inasifiwa kidogo kuliko inavyostahili.

Jioni jua likipoa nenda Marikiti, lile soko la Digo Road. Mlango wa nyuma ndio wenye viungo, magunia ya binzari, mdalasini, karafuu, pilipili manga, iliki ya kijani, wanakuchanganyia ya pilau na ya chai mbele yako. Onja, nusa, na usinunue ile iliyofungwa tayari kwa pakiti ya wageni. Kutoka hapo Biashara Street iko karibu, hio ndio mtaa wa leso, yaani kanga, mama yangu hakubali leso nyingine isipokuwa zile zimeandikwa Mali ya Abdulla pembeni. Soma jina, ule msemo ulioandikwa kwenye leso, kabla hujamnunulia mtu, kuna majina mengine ya mafumbo makali na ukimpelekea mamamkwe wako utajieleza mpaka Pasaka.

Halafu saa kumi na moja, Mama Ngina. Hii kwangu ndio sehemu bora ya Mombasa yote na hakuna kiingilio. Ni ule ukingo wa bahari upande wa Likoni, penye mibuyu mikubwa, walipakarabati upya na Mashujaa Dei ya 2019 ikafanyiwa hapo. Familia zinakuja na mikeka, wasichana na mabuibui yao, vijana na baiskeli, na meli za mizigo zinazoingia bandari ya Kilindini zinapita karibu sana mpaka watoto wanazipungia mabaharia mkono. Na kuna mhogo. Kijana ana jiko la mkaa, mihogo imeshamenywa inageuzwa geuzwa mpaka inapata yale madoa ya kuungua, anachukua mmoja anaupasua kati kwa kisu, anachovya kipande cha ndimu kwenye chumvi na pilipili ya unga, anausugua ndani mpaka maji ya ndimu yanaingia. "Dada, n'tie pilipili nyingi?" Sema ndio. Ukimaliza kuna dafu, kuna achari, kuna mabuyu mekundu yatakayokuachia ulimi na vidole na rangi, kuna kachiri za mhogo kwenye mifuko. Hapo unakaa mpaka giza, adhana inasikika kutoka upande wa mji, na mtu wa kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe. Kahawa chungu, kipande cha haluwa, na mazungumzo. Hakuna hoteli ya nyota yoyote imewahi kunipa jioni kama hii.

Bichi sasa. Kabla hujaenda, uliza maji yanakupwa saa ngapi, watu wa Nairobi hatuulizi halafu tunashangaa bahari imeenda wapi. Wakati wa bamvua maji yanakupwa mbali sana, unaweza kutembea kwenye mwamba unaona samaki wadogo kwenye vidimbwi, vaa ndara kwa sababu kuna wale wadudu wa baharini wa miiba myeusi, na yakijaa yanajaa mpaka kwenye kuta. Kwa hali ya hewa, Desemba mpaka Machi ni kaskazi, bahari imetulia na joto ni kali. Kuanzia Aprili mvua ya masika, halafu kusi inavuma mpaka Septemba hivi, bahari inachafuka na mwani unajaa ufukweni, lakini kuna ubaridi mzuri wa kutembea mjini, kwa hivyo ukienda Agosti ndio sababu zaidi ya kulala kisiwani. Bichi ya Pirates ni ya umma na ni ya bure na ina raha yake, ngamia, maboya ya matairi, muziki, ila sikukuu inafurika, shika mtoto mkono. Kila kitu pale patana bei kwanza.

Kama uko na watoto, Haller Park hapo Bamburi ni lazima. Ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha simiti, ardhi imekwanguliwa mpaka haina hata nyasi, halafu René Haller akaanza kupanda miti 1971. Mvinje ndio ulikubali kumea pale, lakini majani yake yalikuwa yanaanguka tu hayaozi. Akaleta majongoo, maelfu kwa maelfu, yakala yale majani na kinyesi chao kikawa udongo, na kwa udongo huo kukamea msitu mzima na sasa kuna twiga watoto wanawalisha kwa mkono. Waambie wanao hio hadithi kabla hawajaingia, wataanza kutafuta jongoo kuliko twiga. Huko ndiko aliletwa Owen, yule kiboko mdogo aliyeachwa peke yake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akashikamana na kobe mzee wakawa wanalala pamoja.

Ukibaki na siku, vuka Mtwapa uone magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 wenye misikiti minne, mmoja uko karibu kabisa na maji. Kuna utulivu, kuna kivuli, na watu ni wachache, beba maji ya kunywa.

Na ukibahatika ratiba yako iangukie Ramadhani usiahirishe kama wengi wanavyofanya. Mchana ndio, sehemu nyingi za Mji wa Kale zimefungwa na si vizuri kula njiani mbele ya watu wamefunga. Lakini kuanzia alasiri meza zinatoka barabarani, viazi karai, bajia, sambusa, kaimati zinazong'aa sukari, mkate wa mofa, vibibi, tambi, na watu wanaharakisha nyumbani na mifuko kabla ya magharibi. Simama pembeni na usile, ngoja adhana kama wao, halafu nunua kila kitu kidogo kidogo. Mji unakaa macho mpaka usiku sana na kila mtu yuko nje.

Siku ya kurudi toka mjini mapema kuliko unavyodhani, barabara ya Changamwe kwenda Miritini ina malori ya bandarini na treni haimngoji mtu. Viazi karai na bajia za njiani nunua asubuhi hio hio, na viungo vifunge mara mbili kwenye begi, iliki inanukia kila nguo.