Siku moja maishani mwangu: nesi wa chanjo, Igombe

Saa 12 asubuhi nishafika zahanati, kitu cha kwanza friji, naangalia kipimajoto inasoma 5, safi, inatakiwa iwe kati ya 2 na 8. Afu natoa pakiti za barafu naziacha mezani hadi nikitikisa nisikie maji ndani, maana chanjo ya homa ya ini B ikiganda imekufa, hata ukiiyeyusha ni kazi bure. Watu wanaogopa joto tu kumbe barafu ndo mbaya zaidi kwa hii.

Saa 2 tuko njiani, tumepita Airport, bajaji inaruka mashimo na mi nimekumbatia kikasha cha chanjo kama mtoto mchanga.

Saa 3 shuleni, leo tunachanja watoto homa ya ini B, wazazi wamelipia. Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, na wala sio sindano, ni KADI. Wazazi waliambiwa walete kadi za kliniki, mama mmoja kaja mbio anasema mwanangu hajawahi kuchanjwa homa ya ini hata siku moja, nafungua kadi naona penta 1, penta 2, penta 3, ile chanjo ya utotoni ya magonjwa matano, zote zimejazwa. Namwambia mama, humo kwenye penta homa ya ini B imo, pamoja na dondakoo, kifaduro, pepopunda na Hib (bakteria wa homa ya uti wa mgongo na nimonia), huyu kakamilisha tangu ana wiki 14. Akagoma: "Nesi, mi nishalipia, mchome tu." Nikamwambia arudishiwe hela yake. Mwalimu mkuu alininunia kidogo, lakini jamani, kumchoma mtoto kitu alichonacho tayari ili mzazi asione kapoteza hela, hapana.

Wasio na kadi kabisa tunawahesabu hawajachanjwa, wanaanza leo, begani, nusu mili. Ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita toka ya kwanza. Sindano ikitoka tu inaingia sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, hamna kuifunika.

Saa 5 darasa la tatu kilio, akianza mmoja wanalia foleni nzima, tunaendelea hivyo hivyo. Kila mtoto anakaa robo saa kivulini kwanza.

Saa 7 tunakula wali dagaa na walimu, mmoja ananong'ona eti kuna mtoto nyumba fulani baba yake anao huo ugonjwa, tumtenge kwenye sahani? Hapana mwalimu! Hauambukizi kwa sahani wala kushikana mikono. Ni damu, ngono, mama kwa mtoto wakati wa kujifungua, na wembe mnaoazimana huko saluni, maana kirusi kinakaa nje ya mwili hata siku 7 bado kina nguvu. Huyo mtoto mlete achanjwe, baba aende hospitali, dawa za kukituliza kirusi zipo.

Saa 11 jioni nimerudi, najaza rejista, simu inaita, mama mwingine kaipata kadi chini ya godoro, penta mbili tu. Anauliza tuanze upya? Hatuanzi upya mama, imebaki moja tu, mlete kesho.