Dada wawili, kaburi moja

Leo nimeingia kanisa la Westminster Abbey, hapa London.

Malkia Mary wa Uingereza, Mkatoliki, alishika kiti cha enzi 1553. Mwaka uliofuata akamfunga mdogo wake Elizabeth, Mprotestanti. Enzi yake Waprotestanti karibu 280 walichomwa moto, wakiwa hai.

Akafa 1558 bila mtoto. Kiti kikaenda kwa Elizabeth yuleyule.

Jamani, wamezikwa pamoja!

Jeneza la Elizabeth liko juu ya la Mary. Sanamu ni ya Elizabeth tu, marumaru nyeupe, kola ya marinda shingoni.

Chini yake maandishi ya Kilatini, na neno moja: sorores. Dada.

Nimesimama hapo machozi yakinilenga.

Nimetoka nje nikampigia dada yangu Tanga. Tulikuwa hatusemezani tangu Idi.

Nanyi mmepatanaje na ndugu zenu?