Siku moja kwenye meza ya kubuni serikali

Saa 2 asubuhi. Kazi yangu ni kubuni serikali za mchezo wa kompyuta wa kujenga himaya, na naanza kwa kusoma matokeo ya usiku. Kompyuta imecheza peke yake mpaka alfajiri, na jibu ni lile lile la wiki iliyopita: anayewahi kuwa Jamhuri ndiye anayeshinda. Ufalme, nilioutolea jasho mwezi mzima, wanauruka kama dimbwi la maji.

Saa 3. Kosa nimeliona, na ni langu. Jamhuri yangu huongeza biashara katika kila mraba wa ramani, na adhabu yake ni hasira za raia majeshi yakivuka mpaka. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini anayeichagua Jamhuri ni mtu aliyekwisha kuamua kutopigana, kwa hiyo adhabu haimfikii kamwe. Ni sawa na kumpiga kuku marufuku kuogelea.

Saa 4 na nusu. Narudi kwa michezo mikongwe ya aina hii. Civilization ya mwaka 1991 ilikuwa katili kwa njia nyepesi: chini ya utawala wa kiimla, mraba unaotoa zaidi ya mbili za kitu chochote hupunguziwa moja. Huhitaji maelezo. Unaiona ardhi yako nzuri, unaona kinachopotea, unatamani serikali nyingine hata kabla hujaijua. Ufisadi nao uliongezeka kadiri mji ulivyokuwa mbali na makao makuu, isipokuwa chini ya serikali kama Ukomunisti, ambako umbali haukuwa hoja. Hapo ramani yenyewe inakusukuma kuelekea serikali fulani, na hilo ndilo ninaloliwinda. Alpha Centauri ya 1999 ilipita njia nyingine: kila kundi lina chaguo moja la utawala lililokatazwa kabisa. Civilization IV ya 2005 iliweka mafungu matano ya sera, kila fungu na machaguo matano, yaani michanganyiko 3,125. Hesabu hiyo naiheshimu, ila mimi nilipokuwa naucheza sidhani nilivuka minne.

Saa 6 mchana. Mkutano. Dakika arobaini juu ya rangi ya kitufe.

Saa 8. Kanuni mpya. Chini ya Jamhuri, kila mji baada ya wa sita unadai kiti barazani, na kila baada ya zamu kumi baraza linapigia kura jambo moja ulilopanga: kodi, ujenzi wa haraka au mkataba. Biashara inakukuza, na kukua kwenyewe ndiko kunakokufunga mikono. Sasa adhabu inamfuata mchezaji kule kule alikokuwa anakwenda.

Namwonyesha mwenzangu anayeandika programu. Ananyamaza muda mrefu kuliko ninavyopenda. "Kaka, mtu ataweza kulibembeleza baraza. Kompyuta je?" Ana haki. Serikali ambayo mpinzani wa kompyuta hajui kuiendesha ni zawadi kwa mchezaji. Tunakubaliana kompyuta itazame namba moja tu, idadi ya viti vilivyoridhika, na isiombe kitu ikiwa chini ya nusu. Itakuwa na woga kidogo. Afadhali mwoga kuliko mjinga.

Saa 10 jioni. Machafuko, yaani zile zamu za kubadili serikali. Zilikuwa tano, na watu walikuwa wanabonyeza "maliza zamu" mara tano huku wakitazama simu zao. Nazipunguza ziwe tatu, na katika kila zamu unachagua mji mmoja utakaoendelea kukutii. Mingine inafanya itakavyo.

Saa 1 usiku. Mjaribu mmoja anacheza, mimi nimekaa nyuma yake, nimekatazwa kusema neno. Zamu ya 60 yuko kwenye Ufalme bado. Zamu ya 74 anageuka Jamhuri, na mji anaouokoa kwanza ni ule wa bandari, si makao makuu. Hilo sikulitarajia, naliandika. Zamu ya 91 baraza linamkatalia mkataba. Anageuka na kuniuliza kwa hasira, "Hawa viti nane nimewapa mimi mwenyewe?"

Natikisa kichwa kukubali. Anarudi kwenye skrini na kuanza kutafuta mji wa kumwachia jirani.